Mguu wa Tatu

Meza ya Babu imeyumba karibu maisha yangu yote. Ukiweka kikombe upande wa dirisha, chai inamwagika kwenye kisahani. Ukiegemea upande wa mlango, inamwagika ya jirani yako. Bibi alikuwa na dawa yake: pakiti ya majani ya chai iliyokunjwa mara nne na kusukumwa chini ya mguu mmoja wa nyuma. Ikichakaa, anakunja nyingine. Basi sisi wajukuu tulikua tukijua mambo matatu: kwamba meza ile ya mvule ina uzito wa ng'ombe, kwamba ina mtoto wa meza ambamo hakuna ruhusa ya kutia mkono, na kwamba sakafu ya nyumba yetu ya Walukuba haiko sawa. Hilo la tatu halikuwa kweli, ila ilinichukua miezi kadhaa na maumivu ya mgongo kulijua.

Babu aliinunua mwaka 1961, hapahapa Jinja, Uganda, kwa fundi mmoja Kalasinga. Babu alikuwa mtu wa reli. Enzi hizo reli ilikuwa moja, kutoka Mombasa mpaka Kasese, na watu wake walitoka kila upande wa Afrika Mashariki, kwa hiyo lugha ya kazini na ya kambini ilikuwa Kiswahili. Ndiyo maana nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili mpaka leo, na jirani mgeni akitusikia hudhani baba yetu alikuwa mwanajeshi, maana Uganda Kiswahili kinajulikana kama lugha ya jeshi. Yule fundi aliondoka mwaka 1972 pamoja na Wahindi wengine, katika zile siku tisini ambazo Amin aliwapa wawe wameondoka nchini. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na reli ikagawanywa vipande. Meza ikabaki.

Mwaka jana, siku ya shughuli ya familia, binamu yangu aliweka juu yake sufuria kubwa la pilau. Mguu wa nyuma ulikunja goti. Sina namna nyingine ya kusema. Haukuvunjika kwa kishindo, ulijikunja taratibu kama mzee anayeketi, na pilau ikaanza safari ya kuelekea ukutani. Tuliidaka meza, pilau hatukuiwahi. Nilipoinama kuangalia, sehemu ya chini ya ule mguu, kama kiganja na nusu, ilikuwa imegeuka sifongo. Nilichomeka bisibisi ikaingia bila kusukuma. Ndani kulikuwa na udongo mwekundu wa mchwa.

Baba mdogo alitoa ushauri wake kabla hata wali haujafagiliwa. Tukate miguu yote minne iwe meza fupi ya sebuleni, au twende kwa fundi wa kuchomelea atuwekee miguu ya chuma. Kuna mtu pia alikuwa amemwambia yuko tayari kununua ubao wa juu peke yake, kwa sababu mvule pana kama ule siku hizi haupatikani. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi. "Mume wangu, wewe si fundi?"

Mimi natengeneza simu. Nilimwambia. Akasema simu ina vitu vingi kuliko meza, na meza ina miguu minne tu.

Nilianza vibaya. Nilinunua gundi nyeupe, misumari ya inchi nne na kipande cha mbao, nikaazima msumeno. Mpango wangu ulikuwa kukata ile sehemu iliyooza, kupachika kipande kipya kwa chini, gundi, misumari miwili, rangi, kwisha. Bahati yangu msumeno niliouazima ulikuwa wa mzee mmoja wa Masese ambaye maisha yake yote ametengeneza mashua za wavuvi, na yeye hatoi kifaa bila kuuliza kinakwenda kufanya nini. Nilipomweleza alicheka kwanza. Kisha akaniuliza, "Kijana, ukiletewa simu imezima, unaanza kwa kuikata?"

Alikuja jioni hiyo. Tuliipindua meza miguu juu, juu ya mikeka miwili, na alichofanya ni kuitazama tu. Alipitisha kidole kwenye kila kona. Alihesabu misumari: kumi na mmoja, yote kwenye kona mbili za nyuma. Kona za mbele hazikuwa na hata mmoja. "Aliyeitengeneza hii hakutumia msumari," akasema. "Mwenye misumari ni mwingine. Mtafute kwanza huyo, alifanya nini." Akaenda zake na msumeno wake.

Kwa hiyo siku mbili za kwanza sikukata chochote, nilipiga picha. Hii ni tabia ya kazi yangu, kila skrubu inapotoka napiga picha. Nilichora kona zote nne na kuandika kila msumari ulipo, kila ufa unakoelekea. Kama una fanicha ya zamani unayotaka kuifungua, nakusihi usiruke hatua hii hata kama unajiamini. Vitu vinne vinavyofanana vikishalala sakafuni, kichwa kinadanganya.

Kuitoa misumari kwa koleo nilishindwa, vichwa vilikuwa vimeliwa na kutu na kila nikivuta mbao ililalamika. Nilichukua uwembe wa msumeno wa chuma bila mpini wake, nikaufunga kitambaa upande mmoja, nikaupitisha kwenye mwanya kati ya mguu na fremu na kuikata misumari humohumo ndani. Kazi ya polepole. Kisha ikabaki gundi. Meza za zamani ziliungwa kwa gundi ya kupika, ile ya ngozi na kwato ambayo wazee waliiita sherisi. Ikikauka inakuwa ya kahawia na inavunjika kama kioo, lakini uzuri wake ni kwamba haisahau maji. Nilifunga kona kwa vitambaa vilivyochovywa maji ya moto, nikabadilisha kila vilipopoa, na baada ya kama saa moja mguu ukaanza kucheza. Nikaugonga kwa nyundo ya mpira, kidogo huku, kidogo kule. Ukatoka.

Hapo ndipo nilipoiona alama.

Kwenye kichwa cha mguu, sehemu ya mraba inayofichwa na ubao wa juu, kulikuwa na mikato mitatu midogo ya patasi, imepangwa sambamba. Mitatu. Kwenye mbao za fremu zilizoingia mguu ule kulikuwa na mikato minne. Nikauchomoa mguu wa nyuma wa pili mbiombio, kwa pupa ambayo sasa naionea aibu. Kichwani mwake mikato minne, na mbao zake za fremu zina mikato mitatu.

Nilikaa sakafuni. Mguu wa tatu ulikuwa unaishi nyumba ya nne, na wa nne nyumba ya tatu.

Inabidi nieleze, maana mtu anaweza kuuliza: miguu si inafanana, kuna tofauti gani? Miguu ya meza hii imekerezwa, ni ya duara kuanzia chini mpaka karibu na juu, kwa hiyo ukiugeuza mguu robo mzunguko ukauweka kona nyingine jicho halioni kitu. Lakini fundi wa mkono hakati matundu manne yanayolingana kama ya mashine. Anakata tundu, kisha anachonga ulimi wa fremu mpaka uingie kwenye tundu lile na si lingine, unywele huku, unywele kule. Akimaliza anaweka alama ili kesho asichanganye ndoa hizo. Ukizichanganya, ulimi mmoja unakuwa mnene na tundu lake linapasuka, mwingine unakuwa mwembamba na unacheza. Nilipouangalia vizuri mguu wa nne, kweli, ukuta wa tundu lake moja ulikuwa na ufa mrefu wa zamani, umejaa vumbi.

Nilimwuliza Bibi ni lini miguu iliwahi kutolewa. Hakuhitaji kufikiri. Mwaka 1994, tulipohamia Walukuba. Mlango wa nyumba mpya ulikuwa mwembamba na meza ikakataa kupita. Babu akamlipa kijana mmoja aitoe miguu ya nyuma, na kijana akairudisha usiku kwa mwanga wa kandili. Asubuhi wakakuta meza inayumba. Kijana akasema sakafu ni mbovu. Akaleta misumari. Ilipoendelea kuyumba, akakata kidogo mguu mmoja chini ili uwe sawa na mingine.

Mguu wa tatu, bila shaka. Na hapo hesabu yote ikajipanga. Ncha za miguu mingine mitatu zilikuwa nyeusi na laini: yule Kalasinga alizinywesha kitu, nta au mafuta, kabla meza haijatoka karakanani. Ncha iliyokatwa mwaka 1994 ilibaki uchi. Mbao kwa chini, pale nyuzi zinapoishia, ni kama fungu la mirija. Ukiisimamisha kwenye maji inakunywa. Sisi tunapiga deki kila asubuhi kwa maji mengi, na mguu ule uko karibu na mlango wa uani ambako maji yote yanasukumwa. Miaka thelathini ya deki. Mchwa hawakuja kuua mguu, walikuja kwenye karamu iliyokwisha andaliwa.

Nilikuwa nimesikia maisha yote kwamba mvule hauliwi na mchwa. Mzee wa Masese alinisahihisha. Kiini cha mvule ndicho kinachowashinda mchwa. Ile sehemu nyeupe ya nje, iliyo chini ya gome, wanaila kama mti mwingine wowote. Mguu wetu ulikuwa na utepe wa weupe ule upande mmoja, upana wa vidole viwili, umefichwa chini ya vanishi nyeusi. Walipanda humo humo. Upande wa kiini ulilowa na kulainika, lakini hawakuula sana.

Kabla ya lolote, niliurudisha kila mguu kwake, bila gundi. Ule wa nne uliingia kwa mkono mtupu, na mwishoni ukatoa sauti ndogo, *tup*, kama mlango wa gari nzuri. Nilimwita Bibi aje asikie. Nikauchomoa na kuurudisha tena mara tatu kwa ajili yake tu.

Ufa wa mguu wa nne ulikuwa kazi ya mchana mmoja: kusafisha vumbi kwa wembe, kupenyeza gundi kwa kisu chembamba, kubana kwa jiriwa na vipande vya mbao ili isipate kovu. Kilichonitoa jasho ni ule wa tatu.

Kwanza mbao. Nilipanda matatu mpaka Ndeeba, Kampala, karibu kilomita themanini, nikapata kipande kizuri cha mvule, nikakirudisha nimekipakata kama mtoto. Mzee alikichukua, akakibandika kwenye shavu lake, akanirudishia. "Weka na wewe." Kilikuwa cha baridi. Mbao iliyo na maji ndani ni ya baridi shavuni. Iliyokauka haina joto wala baridi. Ukiunga mbao mbichi na mbao ya miaka sitini, ile mbichi itakauka na kusinyaa ikiwa mahali pake, na kiungo kitafunguka chenyewe. Kipande changu kiko kwenye dari mpaka leo, kinangoja. Tulichotumia ni fremu ya mlango wa nyumba ya zamani iliyobomolewa, tuliyoinunua kwa pesa ya soda mbili. Mvule mtupu. Nilipoipiga randa, chini ya uchafu kulikuwa na manjano ya ajabu, kama mtu amepaka bizari.

Nionye jambo moja hapa. Vumbi la mvule si la kuchezea. Siku ya kwanza nilipiga msasa bila kufunga pua, usiku nikapiga chafya mpaka Bibi akaanza kuniombea, na mikono ikawasha siku mbili. Funga kitambaa, fanyia nje. Na mbao hii wakati mwingine huwa na mawe ndani yake, mawe kweli, chokaa iliyoganda ndani ya mti. Patasi yangu ilikutana na moja ikapata pengo. Nilidhani ni msumari.

Mzee hakukubali niunge kipande kwa chini tu kama nilivyotaka. Gundi haishiki vizuri mahali nyuzi zinapoishia, kwa sababu ile mirija inainyonya yote. Alinifundisha kiungo cha mashua, kile wanachotumia kurefusha ubao ambao ziwa litaupiga kila siku. Unakata mguu kwa mshazari mrefu, na kipande kipya kwa mshazari uleule, vikalaliana ubavu kwa ubavu. Kwa unene wa sentimita tano, alitaka mshazari wa sentimita thelathini. Moja kwa sita. Nilibisha, kwamba tunakata mbao nyingi nzima kuondoa kidogo iliyooza. Akasema mshazari mfupi ni mapambo.

Nilipata siku tatu za randa na tupa kufanya nyuso mbili zile zilalane bila mwanga kupita. Nikapaka gundi, nikafunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, nikavuta kwa nguvu zangu zote, nikaenda kulala nikijisifu. Asubuhi kipande kilikuwa kimeteleza. Milimita nne, labda tano. Nyuso mbili za mshazari zenye gundi ni kama sabuni, na kadiri unavyokaza ndivyo moja inavyopanda juu ya nyingine. Gundi imeshakauka. Nilikaa uani na ule mguu mapajani kama mtu aliyefiwa.

Mzee alipofika hakunikaripia. Alichukua msumari mwembamba, akaupigilia nusu kwenye uso mmoja wa mshazari, akaukata kichwa kwa koleo ukabaki mwiba wa milimita mbili. Akapiga mwingine. Akalaza uso wa pili juu yake, akagonga, na miiba ikazama. "Sasa jaribu kuuteleza." Haukwenda popote. Nikamwuliza kwa nini hakunionyesha mapema. Akasema hakujua kwamba sijui.

Nilikata upya, nikachonga upya, siku nyingine tatu.

Kuhusu gundi tuligombana kidogo. Mimi nilitaka ile ya kisasa isiyoogopa maji kila mahali. Yeye alikubali iwekwe kwenye mshazari, kwa sababu hapo hakuna mtu atakayetaka kufungua tena. Kwenye kona, ambako ndimi zinaingia matunduni, alikataa kabisa: siku moja mtu atataka kuitoa tena hii miguu, na akikuta gundi isiyofunguka atakuja na nyundo. Alileta kopo la chembe za sherisi zilizokuwa ngumu kama sukari guru. Unaziloweka usiku, kisha unaziyeyusha kwenye kisufuria kilichowekwa ndani ya sufuria lenye maji, joto la nyuzi sitini hivi, isichemke, ikichemka nguvu inakufa. Harufu yake ilimtoa Bibi chumbani akiuliza nani anapika mulokoni, supu ya kwato, bila kumwambia.

Sherisi haikungoji. Ikipoa imeganda, una dakika chache tu. Tulikuwa tumeshapaka kona ya kwanza umeme ukakatika. Ndiyo, Jinja, mji wenye bwawa la umeme tangu mwaka 1954. Tulimalizia kwa tochi ya simu, na nilisoma zile alama za patasi kwa sauti kila mara: tatu na tatu, nne na nne. Usiku, mwanga mdogo, miguu miwili inayofanana. Nilimfikiria yule kijana wa 1994 na nikashindwa kumkasirikia.

Kipande kipya nilikuwa nimekiacha kirefu makusudi. Nilimwazima jirani mwashi mpira wake wa maji wa kupimia usawa, nikaipima meza ikiwa imesimama kwenye vipande vya mbao mpaka uso ukawa sawa pande zote, kisha nikaweka penseli juu ya kigae na kuizungusha chini ya kila mguu. Alama ya penseli ndiyo niliyoifuata. Nilikata mguu mmoja tu, ule mpya. Mingine sikuigusa. Ncha zote nne nikazinywesha nta ya nyuki iliyoyeyushwa mpaka zikakataa, na chini nikabandika duara za mpira wa tairi.

Rangi haikulingana, nakiri. Mvule mpya ukiuweka juani unakuwa kahawia wenyewe, kwa hiyo kabla ya kupaka chochote niliuanika mguu kwa wiki tatu nikiugeuza kama samaki. Ulikaribia lakini haukufika. Vanishi ya zamani niliijaribu kwa pamba yenye spiriti, ikalainika na kunata, basi nikajua ni shelaki, na shelaki mpya inashikana na ya zamani bila ugomvi. Sikuikwangua meza nzima. Uso wa juu una duara la pasi ya mkaa ambalo Babu alifokewa kwa ajili yake, hilo nani ataligusa? Ukipiga magoti upande wa mlango wa uani utauona mshazari, mstari mrefu, juu yake weusi, chini yake hudhurungi. Baba mdogo aliuona dakika ya kwanza.

Siku tulipoirudisha ndani, Bibi aliweka kikombe cha chai upande wa dirisha, kimejaa mpaka ukingoni. Akaegemea upande wa mlango kwa viwiko vyote viwili. Akanyanyuka, akaegemea tena. Kisha akainama kwa shida, akatazama chini ya meza, akapapasa sakafu karibu na mguu wa nyuma.

"Karatasi yangu iko wapi?"

Nilimwambia haihitajiki tena. Akasema anajua, lakini iko wapi? Ilibidi nikaitafute kwenye ndoo ya takataka, ile pakiti ya chai iliyokunjwa mara nne, bapa kama shilingi. Akaipangusa kwenye kanga, akavuta mtoto wa meza, akaiweka humo na kufunga.